Gari la deraya la manila kwa mapigano ya Salaita

Karatasi ya manila, ile ile ambayo wanafunzi wanachorea ramani ya Afrika, ina unene wa kama milimita 0.2. Zidisha mara 56 upate milimita 11 na ushee. Mabamba ya chuma ya magari ya deraya ya Rolls-Royce ya mwaka 1914 yalifika milimita 12 hivi pale palipokuwa panene zaidi. Kwa hiyo ukijenga modeli ya gari hilo kwa manila kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani, katika skeli ya 1:56, yaani moja ya 56 ya ukubwa wa kweli, ukuta wa gari lako unalingana karibu kabisa na ukuta wa gari la kweli. Modeli za plastiki za kununua huwa na ukuta wa milimita moja. Kwa skeli hiyo hiyo ni zaidi ya sentimita tano za chuma, unene wa kifaru hasa, si wa gari la mwaka 1914.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu watu wakisikia "modeli ya karatasi" wanadhani ni kitu cha kubahatisha, cha mtu aliyekosa hela ya kuagiza modeli ya maana kutoka Ulaya. Hela ni kweli sina. Ukiongeza usafiri na ushuru wa forodha, kigari cha urefu wa kidole kinakugharimu kama tairi la gari la kweli. Lakini hata kama ningekuwa nazo, kwa gari hili hasa bado ningeshika wembe na rula. Hili ni gari ambalo hata la kweli lilijengwa kwa mabamba bapa yaliyokatwa, yakapindwa na kupigwa ribiti kuzunguka chasisi. Fundi wa karatasi anafuata njia ile ile aliyopita fundi wa chuma.

Historia yake ni ya ajabu kidogo, kwa sababu gari hili la nchi kavu lilikuwa mali ya jeshi la majini. Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, RNAS, kilipeleka ndege zake Dunkirk, Ufaransa, chini ya Charles Samson. Ndege za wakati ule zilikuwa zinaanguka ovyo, na marubani walihitaji kufuatwa kabla Wajerumani hawajawafikia. Samson akatumia magari ya kawaida, akayafunga mabamba ya chuma kwenye karakana ya meli palepale Dunkirk, akaweka na bunduki za rashasha. Wakubwa wa London wakaona linawezekana. Wakachukua chasisi ya Silver Ghost, gari la matajiri lenye injini ya lita 7.4 na silinda sita, wakalivika deraya na kulipa kibanda kinachozunguka juu, chenye bunduki moja ya Vickers. Ya kwanza yakawa tayari Desemba 1914.

Yakawa yamechelewa. Kufikia hapo mahandaki yalishaziba Ufaransa na Ubelgiji, na gari la magurudumu halina kazi mbele ya handaki. Ndiyo maana yakasambazwa kwingine: Gallipoli, jangwa la Misri, Afrika Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, na hatimaye huku kwetu. Mwanzoni mwa 1916 yalikuwa kwenye nyika ya Taveta, kati ya milima ya Taita na mpaka wa Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Ukitoka Taveta kuelekea Voi, kilomita chache tu, Salaita iko kando ya barabara. Ni kilima kidogo. Mtu asiyejua anapita bila kugeuza shingo, maana Kilimanjaro iko nyuma yake na inakula macho yote. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya askari wa Afrika Kusini, wengi wao hawajawahi kupigana Afrika Mashariki, ilipelekwa kukiteka kilima hicho. Magari ya deraya yalikuwepo. Mizinga ya Waingereza ikapiga mahandaki yaliyoonekana huko juu, na yale yalikuwa ya geresha. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye tako la kilima, yamefichwa na vichaka. Askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, wakasubiri, wakafyatua, kisha wakatoka na kushambulia kutoka ubavuni. Wale wa Afrika Kusini wakarudi nyuma kwa fujo, na walioshika mstari ni Wabaluchi wa kikosi cha 130 kutoka India, ambao inasemekana wenzao walikuwa wakiwadharau hadi asubuhi ile.

Hayo ndiyo mapigano ninayoyajenga mezani, na gari la deraya ndilo kitu cha kwanza kila mgeni anachonyanyua kulitazama. Acha nieleze linavyojengwa.

Ninachora kwenye karatasi ya grafu. Michoro ya bure ipo mtandaoni, lakini mingi ni ya toleo la 1920 au 1924, na namna ya kulitambua ni rahisi: toleo la 1920 lina magurudumu ya sahani nzima, na la 1924 limeongezewa kijibanda cha kamanda juu ya kibanda cha bunduki. Gari la Salaita lilikuwa na magurudumu ya spoku, kama baiskeli. Basi nachukua vipimo vya gari la kweli, mita 4.93 kwa urefu, 1.93 kwa upana na 2.54 kwa kimo, nagawa kwa 56. Napata milimita 88, 34 na nusu, na 45. Miraba ya grafu ni ya milimita moja moja, hivyo kazi ya kuchora inakuwa ya kuhesabu tu.

Mchoro ukishakamilika naupeleka steshenari watoe kopi juu ya manila. Hapa kuwa mkali. Mashine nyingi zimewekwa zipunguze picha ili iingie vizuri kwenye A4, na kijana wa steshenari hajui wala hajali. Mwambie asilimia 100, halafu ukipewa kopi ya kwanza weka rula juu yake kabla hujalipia nyingine. Ikipungua asilimia tatu tu, kibanda hakiingii kwenye tundu lake.

Mikunjo yote inakwaruzwa kabla ya kukatwa. Mimi natumia kalamu ya Bic iliyokwisha wino, pamoja na rula ya chuma. Wembe mpya ni wa kukatia tu, na unatupwa mara unapoanza kuvuta nyuzi za karatasi badala ya kuzikata. Gundi ni ile nyeupe ya mafundi seremala, kidogo sana, inayopakwa kwa kijiti cha meno kwenye masikio ya kubandikia. Wapo wanaotumia uji wa ngano. Kwa hali ya hewa ya kwetu siwashauri, mende watakula gari lako kuanzia ndani.

Mwili unaanza na boneti, ambayo ni boksi refu lenye paa la mshazari pande mbili. Mbele yake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote: milango miwili ya chuma mbele ya rejeta. Dereva aliweza kuifungua ili hewa iingie, au kuifunga risasi zikianza. Ipe bawaba ya karatasi laini ya kopi, upana wa milimita mbili, ifunguke kweli. Utaona mezani kwa nini nasisitiza.

Nyuma ya boneti ni chumba cha watu watatu. Dereva alikaa chini kabisa, karibu na sakafu, akitazama njia kupitia mwanya mwembamba. Ukikata mwanya huo katika manila unapata upenyo usiofika milimita moja, na hapo ndipo unapomwonea huruma. Weka jicho kwenye mwanya huo baada ya kubandika, ulielekeze gari kwenye meza yenye vichaka vya sponji. Huoni kitu. Unaona kipande cha barabara na pembe ya kichaka. Nilisoma mengi kuhusu magari haya kuwa vipofu porini, na nikayakubali kichwani. Kwenye mwanya wa manila niliyaelewa.

Kibanda cha bunduki kinawapa watu taabu kuliko sehemu nyingine. Kwa juu ni duara, lakini ubavu wake haujanyooka mpaka juu. Kipande cha juu kimelazwa mshazari ili risasi ziteleze. Kata utepe. Kwa kipenyo cha milimita 22 urefu wake ni 69, na sikio la milimita 4 la kuunganishia. Uviringe kwanza kwenye penseli nene, polepole, mpaka utepe wenyewe ukumbuke umbo lake. Ukiulazimisha kuwa duara kwa gundi utakuwa na pembe pembe. Sehemu ya mshazari inakatwa peke yake, kama kipande cha koni, na ukingo wake wa chini unakatwa meno meno ya kubandikia kwa ndani. Funika na paa, kisha toboa katikati ya sakafu ya kibanda, pitisha kijiti cha meno kishuke hadi kwenye mwili. Sasa kinazunguka.

Bunduki ya Vickers ni nene kwa sababu ya koti la maji linalozunguka mtutu. Viringisha kipande cha karatasi ya kopi kwenye sindano hadi kipate unene wa milimita mbili, paka gundi, chomoa sindano. Imekwisha.

Magurudumu sasa. Tairi la kweli lilikuwa na kimo cha karibu milimita 900, kwa hiyo la mezani ni 16. Nyuma yanakaa mawili mawili kila upande, jumla sita chini ya gari, na ukisahau hilo gari linaonekana limechechemea. Nakata duara za kadibodi ya boksi la biskuti, nabandika mbili au tatu pamoja, napiga msasa ukingo wake, kisha nazungushia utepe wa karatasi kufunika matabaka. Spoku nazichora kwa kalamu ya wino yenye ncha nyembamba. Nimeona watu wanaofunga nyuzi halisi moja baada ya nyingine. Mungu awabariki. Meza yangu inashikwa na watoto.

Nyuma kabisa gari halina deraya. Ni kitanda cha mbao kilicho wazi, kama pikapu, na hapo ndipo unapoweka uhai: tairi la akiba, magunia, masanduku ya risasi, madebe ya maji na ya petroli. Madebe yana upana wa milimita nne hivi, vijiboksi vya kukunja kwa kibano. Weka mengi. Nyika ile haikuwa na maji, na Waingereza walilazimika kuvuta bomba kutoka Bura na kujenga reli kutoka Voi ndipo waweze kukusanya jeshi karibu na Salaita. Kisha injini ya lita 7.4 nayo inakunywa, bunduki yenyewe inataka maji kwenye koti lake, na watu watatu wamefungiwa ndani ya boksi la chuma saa saba mchana.

Rangi ni kaki, na juu yake vumbi jekundu. Nachekecha udongo mwekundu kwa kitambaa cha soksi ya nailoni, nachanganya na gundi iliyoongezwa maji, napaka chini ya madigadi na kwenye matairi. Kabla ya hapo karatasi yote ipigwe vanishi tabaka moja, la sivyo majimaji yataikunja.

Sasa mezani.

Wachezaji wengi wa michezo ya vita wana ugonjwa wa kulipenda gari. Wakishalijenga wanataka lishinde. Kanuni nyingi nilizoziona zinalipa gari la deraya uwezo wa kukatiza nyika yote kwa kasi, likifyeka watu. Ukitazama kitu ulichokijenga kwa mikono yako, unajua haiwezekani. Lina karibu tani tano juu ya matairi ya upepo yenye upana wa chini ya shubiri, kwenye chasisi iliyotengenezwa kupita barabara za Uingereza, na dereva wake anaona kupitia mwanya. Kanuni zangu, ambazo tunazicheza kwa dadu za kawaida za pande sita, ni kali kwake. Barabarani linakwenda inchi kumi na mbili. Nje ya barabara ni nne, na kila mara unatupa dadu: ukipata moja limekwama au limepasua tairi, na wafanyakazi wake watoke nje walikomboe.

Milango ya rejeta nayo ina kanuni. Ikiwa wazi, risasi za mbele zinaweza kutoboa rejeta. Ikiwa imefungwa, uko salama, lakini kila raundi unatupa dadu kuona kama maji yamechemka. Mchezaji anaifunga na kuifungua kwa ncha ya kidole, na nimegundua watu wazima wanabishana kuhusu vimilango hivyo kwa hamasa kuliko kuhusu mizinga.

Upande wa pili nimewapa askari wa Schutztruppe vichaka, mahandaki ya geresha kileleni, na tatizo lao la kweli. Kampuni zao nyingi bado zilibeba bunduki za modeli ya 1871, za baruti ya zamani yenye moshi mzito. Risasi yake ni kubwa, lakini ukifyatua umejitangaza. Kwa hiyo kila kikosi chenye bunduki hizo kikipiga, naweka kipande cha pamba mbele yake, na kuanzia hapo Vickers inaweza kukilenga. Wenye bunduki mpya hawawekewi pamba. Gari kipofu linapata macho kutokana na moshi wa adui, na mchezaji wa upande wa Wajerumani anajifunza uvumilivu.

Askari wenyewe nao ni wa karatasi, waliochorwa mbele na nyuma na kusimamishwa kwenye vibao vya kadibodi. Nilipowamaliza, pande zote mbili, niliwapanga mezani na gari katikati. Mpwa wangu, anayesoma darasa la sita, akauliza madebe yakiisha maji nani ataleta mengine.

Swali lake halimo kwenye kanuni yoyote niliyowahi kuisoma. Majibu yake yapo Nairobi, kwenye sanamu ya Kenyatta Avenue, ambako mpagazi amesimama pamoja na askari. Ya Dar es Salaam, pale Samora, ina askari peke yake, na ni nzuri sana, lakini mimi nikipita huwa naona nafasi tupu nyuma yake. Wapagazi walioandikishwa au kushurutishwa upande wa Waingereza katika vita vile wanakadiriwa kukaribia milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi ya mvua na chakula kibovu. Wa upande wa Wajerumani hata kuhesabiwa hawakuhesabiwa vizuri. Ndorobo ziliua farasi na ng'ombe wa kukokota, reli ilikuwa na mwisho wake, na kutoka hapo mzigo ulipanda kichwani mwa mtu. Ndani ya mzigo huo yamo pia maji na petroli ya magari kama hili ninalolisifia hapa.

Kwa hiyo nikachora wapagazi. Ni wepesi kuliko askari, hawana mikanda wala vifungo, ila kila mmoja nimempa uso wake, maana nilipowatoa kopi wote wakiwa na uso mmoja sikupenda nilichokiona. Kila kibao cha wapagazi kinaruhusu kikosi kimoja kunywa, au gari moja kujaza debe, kwa raundi moja. Kikosi kisichokunywa raundi tatu kinapoteza nusu ya dadu zake. Gari lisilojazwa linasimama. Wapagazi wakipigwa risasi karibu wanatua mizigo na kujificha, na hakuna dadu ya kuwalazimisha wasimame, kwa sababu sioni kwa nini wangesimama.

Mchezo ulibadilika wote. Zamani jenerali wa Kiingereza alikuwa anasukuma gari mbele raundi ya kwanza. Sasa anahesabu vibao vya maji kabla hajagusa chochote. Mara ya mwisho mpwa wangu aliwaongoza Waingereza, nami nikawa na askari wa kilimani. Gari akaliacha barabarani, milango ya rejeta wazi, nje ya masafa yangu, likipiga kila palipotokea pamba. Mimi nikajizuia kufyatua. Brigedi ya Afrika Kusini ikapanda kuelekea mahandaki ya geresha, nikaitokea ubavuni kama ilivyokuwa. Wakati huo vibao vya maji vilikuwa viwili tu, na kimoja kilikuwa cha gari.

"Mjomba, nikiwapa Wabaluchi maji ya gari, gari litaliwa?"

"Litasimama. Kuliwa ni juu yangu."

Akawapa Wabaluchi. Wakashika mstari raundi nne, brigedi ikapita nyuma yao, na gari likabaki barabarani bila maji mpaka giza likaingia. Sikupata nafasi ya kulifikia, maana Wabaluchi walikuwa katikati. Waingereza wenyewe walikuja kukipata kilima hicho mwezi Machi, baada ya Smuts, jenerali wao mkuu, kuzunguka kwa upande wa Chala na Wajerumani kukihama.

Sasa nakata vilima vya Latema na Reata kwa kadibodi ya boksi la friji. Mapigano ya huko yaliendelea hadi usiku, juu ya mawe na vichaka, na kwa kanuni zangu sijui kama gari litapata hata pa kuegesha.